Ufa Unaorudi Kila Kiangazi



Hapa mezani kuna chupa mbili za maji, zile za lita moja na nusu zinazouzwa stendi. Katika kila moja nimetia kiganja cha udongo mweusi wa mbuga niliouchota Kishapu, nikajaza maji. Ile ya kushoto nimeiongezea kijiko kimoja cha chokaa. Nimezitikisa mbele yenu na sasa zote mbili zinafanana, weusi mtupu. Naomba tuziache hapo. Tukimaliza tutaziangalia tena.

Nimeombwa nizungumzie nanoteknolojia na mifumo inayojiunda yenyewe katika majaribio ya usanifu. Nitaanza na nyumba ya baba yangu.

Baba alijenga mwaka aliouza pamba vizuri. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati, sakafu ya sementi, msingi wa futi mbili kwa sababu fundi alisema futi mbili zinatosha kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Kiangazi cha pili ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha la sebuleni, ukashuka kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali mpaka chini. Mama alikuwa akiupima kwa sarafu ya shilingi mia. Mwezi Agosti sarafu ilikuwa inakwama. Oktoba ilikuwa inaingia na kupotelea ndani. Baba akauziba kwa sementi. Mvua zikaja, ufa ukajifunga, ukaibana ile sementi mpaka ikabanduka na kuanguka sakafuni vipande vipande. Kiangazi kilichofuata ukafunguka tena, pembeni kidogo ya pale pa mwanzo. Sote tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba aliuziba ule ufa miaka tisa mfululizo, na mwaka wa kumi akajenga ukuta. Ukuta mpya nao ukapasuka.

Nimesoma mengi tangu wakati ule, na swali lililonisomesha ni moja tu: chini ya ile nyumba kulikuwa na nini?

Wazee wa Usukumani wanazijua ardhi zao kwa majina. Juu kilimani, karibu na mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga. Ukishuka unakuta itogolo, ngumu, inayokatalia maji. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, mpaka mkono mzima wa mtoto unaingia kwenye mpasuko. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Tanga, Geoffrey Milne, aliandika kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana hivyo kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo, akaupa mfuatano huo jina la katena. Jina hilo linatumika duniani kote leo. Wakulima wetu walikuwa tayari wanalima kwa kuufuata.

Sasa tushuke zaidi ya hapo, mahali ambapo macho hayafiki. Chukua mita moja uigawe vipande bilioni moja. Kipande kimoja ni nanomita. Unywele wa kichwa chako una unene wa nanomita kama 80,000 hivi. Udongo wa mbuga una madini ya jamii inayoitwa smektaiti, na madini hayo yameumbwa kama karatasi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila karatasi ikiwa na unene wa nanomita moja tu au karibu na hapo. Maji yakija huingia katikati ya karatasi na kuzitenganisha. Jua likiwaka hutoka, karatasi zikakaribiana tena. Karatasi moja ikiinuka huwezi kuona kitu. Zikiinuka mabilioni kwa pamoja, zinainua nyumba. Baba yangu alikuwa amejenga juu ya jeki zisizohesabika, na kila mwaka zilipanda na kushuka bila kumuuliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia nanoteknolojia ni mambo ya Japani na Marekani, namjibu kwamba jina ndilo lililotoka Japani. Norio Taniguchi alilitumia mwaka 1974. Jambo lenyewe liko Kishapu, Maswa na Meatu, na limepasua kuta zetu miaka yote hii.

Lile neno la pili, kujiunda, ndilo linalopotosha wengi. Vijana wanapolisikia wanafikiria nyumba inayoota kama uyoga huku fundi amekaa kivulini. Naomba tuelewane hapa, maana hoja yangu yote imesimama juu ya hili. Katika mfumo unaojiunda, kazi ya fundi inahamia kwingine. Hashiki tena kila kipande na kukiweka mahali pake. Anaandaa masharti: joto, unyevu, umbo, kiasi cha hiki na kile. Masharti yakiwa sawa, vipande vinajipanga. Yakiwa mabaya navyo vinajipanga, ila vinajipanga kwa hasara yako, kama chini ya nyumba ya baba.

Fundi yeyote aliyekoroga zege ameshafanya kazi hii. Unachanganya sementi na maji, unamwaga, unamwagilia siku saba, unasubiri. Hukulitengeneza lile jiwe kwa mikono yako. Chembe za sementi ziliyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji, kisha kalisi na silika zikaungana zikafanya aina ya jeli yenye vitundu vya nanomita chache, na jeli hiyo ndiyo iliyoshika mchanga na kokoto. Ukiacha kumwagilia umevunja masharti. Ndiyo maana ninapomwona fundi anamaliza kumwaga zege saa sita mchana wa Septemba na kuondoka bila kulifunika, moyo unaniuma. Ameiacha sementi, mwenzake wa kazi, ifanye kazi bila maji.

Tazameni kichuguu. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kifaransa, Pierre-Paul Grassé, alieleza namna mchwa wanavyojenga bila msimamizi wala ramani. Mchwa anaweka donge la udongo lililochanganywa na mate, na donge lenyewe linamwita mwenzake aweke la pili hapohapo. Kazi iliyofanyika ndiyo inayotoa amri ya kazi inayofuata. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard, Justin Werfel, Kirstin Petersen na Radhika Nagpal, walionyesha roboti ndogo zinazojenga kwa kanuni ya namna hiyo: kila moja inabeba tofali, inaangalia palipo mbele yake, inaamua. Hakuna inayoijua picha nzima, na jengo linasimama.

Wasanifu walikuwa wameshakitazama kichuguu kabla ya hapo. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, mbunifu wake Mick Pearce alilichora akiwaza kichuguu: kuta nzito, mabomba ya kupandisha hewa ya moto, usiku kupoza na mchana kuhifadhi ubaridi. Linatumia umeme kidogo kuliko majengo ya aina yake yanayotegemea viyoyozi. Lakini mwaka 2008 Scott Turner na Rupert Soar waliandika kwamba kichuguu hakifanyi kazi kama Pearce alivyodhani. Joto la kiota kwa sehemu kubwa linafuata joto la ardhi, na mnara wa juu ni kama pafu, unabadilishana hewa kwa kusukumwa na upepo unaobadilikabadilika. Jengo zuri lilizaliwa kutokana na maelezo yenye kosa. Nalipenda somo hili kuliko jengo lenyewe, kwa sababu linatuonyesha kwamba kuiga umbo la kitu si sawa na kuelewa kinavyofanya kazi. Na sisi tuliozaliwa katikati ya vichuguu, tunaochota udongo wake kusiriba kuta na sakafu kwa sababu tunajua hauvunjiki upesi, tulipaswa kuwa wa kwanza kukipasua na kukipima.

Huko ughaibuni majaribio ni mengi na sitayamaliza. Skylar Tibbits wa MIT ametia vipande ndani ya chupa, akaitikisa, vikaungana vyenyewe kwa sababu ya maumbo yake na sumaku zilizomo. Rachel Armstrong alipendekeza matone ya kemikali yanayokimbia mwanga yapelekwe chini ya mji wa Venice, yajenge chokaa kuzunguka nguzo za mbao zinazoushikilia mji huo usizame. Wachimbaji mlioko hapa mtalielewa wazo hilo haraka kuliko wanafunzi wangu. Ninyi mnaingia duarani mkitegemea matimba. Mnajua mti ukioza chini ya ardhi maana yake nini. Timba linalojijengea gamba la jiwe kadiri linavyokaa kwenye unyevu ni ndoto inayostahili kuotwa Nyarugusu. Hata hivyo mnaoshuka kesho asubuhi kagueni matimba yenu kwa macho na nyundo, maana wazo la Armstrong bado ni la maabara na michoro.

Nimewataja wachimbaji, na nisingependa waondoke wakidhani mhadhara huu ni wa wenye nyumba tu.

Nendeni kwenye mialo na mapipa ya uchenjuaji kuanzia Kahama hadi Geita. Mwenye vati ananunua marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, anayaloweka kwa sayanaidi, kisha anapitisha yale maji kwenye makaa meusi, na makaa yanapelekwa elusheni kutolewa dhahabu. Yale makaa mara nyingi ni vifuu vya nazi vilivyochomwa kwa namna maalumu mpaka vikabaki na vitundu vyembamba vya nanomita mbili au chini ya hapo. Gramu moja ina eneo la ndani lipatalo mita za mraba elfu moja. Shika gramu saba au nane kiganjani, kiasi cha vijiko vichache, na umeshika uwanja mzima wa mpira uliokunjwa. Dhahabu iliyoyeyuka inajibandika yenyewe kwenye kuta za vitundu hivyo. Hakuna anayeishika. Masharti yameandaliwa, dhahabu imekuja. Mkoa wa Geita unatumia nanoteknolojia kila siku ya Mungu.

Basi kijana mmoja wa usanifu aliniuliza, kwa nini milima ya marudio isigeuzwe tofali? Duniani wapo wanaochanganya mabaki ya migodi na viunganishi na kupata tofali ngumu kweli. Ugumu si tatizo. Marudio ya wachimbaji wadogo yamepitiwa na zebaki, mengine na sayanaidi, na miamba mingine ya dhahabu ina aseniki. Tofali inaweza kuwa imara na huku inatoa sumu pole pole kwenye chumba cha mtoto. Marudio yoyote yasiyopimwa maabara yasijengewe nyumba ya kulala watu, hata yakitolewa bure. Msimamo wangu huu ni mkali na sitaulegeza. Tumeona pia tabia ya tope laini la migodi: Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki huko Mwadui ulibomoka, tope likafunika makazi na mashamba ya watu. Chembe ndogo hushikilia maji muda mrefu. Zinazotupasulia nyumba mbugani na zinazobaki kama uji ndani ya bwawa zinafuata sheria zilezile za udogo.

Tuna mali nyingine isiyo na zebaki, nayo tunaitupa. Pumba za mpunga.

Kahama ni nchi ya mpunga. Pitieni kwenye mashine za kukoboa mtaona vilima vya pumba, vingine vimewashwa moto ili nafasi ipatikane. Pumba ikiungua, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake inabaki majivu, na majivu hayo kwa sehemu kubwa sana ni silika. Mpunga uliinyonya silika hiyo kutoka ardhini, ukaipanga katika maganda kwa vipimo vya nano, ukatufanyia kazi ambayo kiwandani ingegharimu umeme mwingi. Majivu haya yakikutana na chokaa na maji yanafanya jeli ya jamii ileile ya sementi. Lakini hapa pana sharti: moto usizidi nyuzi joto 700 au hapo karibu. Moto mkali unaibadilisha silika, inakuwa fuwele, inakuwa mvivu haiungani na chokaa, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Tanuru zetu za tofali nyingi zinachomwa kwa pumba, na majivu yanayobaki yanatofautiana rangi kutoka tanuru moja hadi nyingine. Nimewahi kusimama na fundi mchoma tofali, akachota majivu ya kijivu pembeni na meupe yenye wekundu kutoka katikati, akaniuliza kwa nini ya pembeni yanashika zaidi akiyachanganya na udongo wa kusiriba. Alikuwa ameshafanya jaribio lote. Kilichobaki ni kumwambia kwamba katikati moto ulipita kiasi.

Na asidhani mtu kwamba Mtanzania hawezi kuitoa nano maabara na kuipeleka jikoni. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, mhandisi wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, aliunganisha mchujo wa mchanga, tunaoujua siku nyingi, na vifaa vya nano vinavyoweza kubadilishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Maji yenye kasoro nasi tunayo: sisi wa Shinyanga tunajua madini ya floraidi yanavyotia rangi meno ya watoto wanaokunywa maji ya baadhi ya visima. Tangu mwaka 2009 bomba la maji ya Ziwa Viktoria limewafikia watu wa Kahama na Shinyanga, lakini si kila kijiji kiko kando ya bomba. Kinachonivutia kwa Hilonga ni kwamba hakuanza na mashine. Alianza na maji ya kijijini kwao, akauliza yana nini.

Sisi nasi tuanze na udongo. Pendekezo langu kwa vyuo vyetu vya ufundi na kwa halmashauri zilizoko mbugani ni dogo na linapimika. Jengeni banda moja, ghala au banda la kuku, lisiwe nyumba ya mtu maskini, kwa kuwa maskini hastahili kufanywa panya wa majaribio. Lijengwe juu ya mbuga halisi. Nusu ya sakafu na msingi wake ikae juu ya udongo uliochanganywa na chokaa, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 8 ya uzito wa udongo mkavu, ushindiliwe vizuri. Nusu nyingine iachwe kama tunavyojenga siku zote. Kuta ziwe za tofali za kufungamana, zile mnazoita intaloki, ambazo mgongo wake na mfereji wake vinaielekeza tofali ya juu ijikalie sawa. Nyingine zichanganywe sementi, nyingine chokaa na majivu ya pumba yaliyochomwa kwa moto wa kiasi. Kisha mtu apewe daftari na apime kila ufa kila mwezi, viangazi viwili vizima. Mama yangu alifanya hivyo kwa sarafu.

Udongo upimwe kwanza. Upo udongo wenye salfeti nyingi ambao ukichanganywa na chokaa unavimba kuliko ulivyokuwa, na aliyemwaga chokaa bila kupima atatulaumu sote. Wafanyakazi wavae glovu na miwani, chokaa inaunguza macho. Wanaoshughulika na majivu wafunike pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi na walowanishe kazi yao. Wachimbaji mlioko hapa mmezika wenzenu waliokohoa miaka kwa vumbi la mwamba. Chembe kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyofika ndani zaidi ya pafu, na haijali kama imetoka kwenye karasha au kwenye maabara ya kisasa.

Sasa tuziangalie chupa zetu.

Ya kulia bado nyeusi kama ilivyokuwa. Ikikaa mpaka kesho itakuwa vilevile, kwa sababu karatasi za udongo zinasukumana, hakuna inayotaka kutua. Ya kushoto, mnaona wenyewe: maji ya juu yameanza kung'aa na udongo umeshuka chini kwa mabonge. Kalisi iliyomo ndani ya chokaa imeingia katikati ya karatasi na kuzivuta pamoja. Hakuna mtu aliyezigusa tangu nianze kuzungumza.

Atakayeanza kujenga mwaka huu mahali popote penye mbuga, kabla hajanunua tofali ya kwanza achimbe shimo la mita moja na nusu pembeni ya kiwanja, achote udongo wa chini, atengeneze chupa mbili kama hizi, kisha aende nazo kwa mhandisi wa halmashauri yake amwombe vipimo kamili vya maabara. Chokaa iliyobaki iko kwenye mfuko pale mlangoni. Anayehitaji achukue kijiko kimoja, akifunge vizuri kwenye karatasi, na asikiache mahali watoto wanapofika.